Darcy Wasylyk na Vyuma vya Kidole Kimoja

Saa kumi na moja alfajiri, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, Darcy Wasylyk anachomoa waya wa umeme ulioipasha joto injini ya gari lake tangu jana. Dakika kumi baadaye yuko juu ya mashine ya kulainisha barafu katika uwanja wa mji wa Harlan Creek, anaiendesha kwa mikono tu.

"Miguu niliiacha Kandahar, bomu lilikuwa limefukiwa barabarani," anasema mwanajeshi huyu wa zamani wa Kanada, mwenye miaka arobaini na minne. "Faida yake, sinunui soksi."

Kazi hii inamlipa dola kumi na tisa kwa saa. Lakini mji unamjua kwa jingine: ni bingwa wa taifa mara mbili wa hoki ya barafuni ya kuketi. Mchezaji hufungwa kwenye kigari chenye vyuma viwili vikali chini, akajisukuma kwa vigongo viwili vifupi vyenye meno.

Mwanzo haukuwa mtamu. Alipotoka hospitali alishinda kochini mwaka mzima, mapazia yamefungwa, mpaka mkewe, Noreen, akachoka. "Aliniambia, 'Kama ni kukaa, kakae kwenye barafu, angalau nifagie hapa.'"

Sasa ubingwa wenyewe unamponyoka. Jumamosi timu ya jimbo inachuja wachezaji, nafasi ya beki imebaki moja, na kocha amemwambia waziwazi kwamba anageuka kama trekta.

Dawa anaijua: kuvisogeza vile vyuma vikaribiane. Vikiachana hupinduki, ila kugeuka ni shughuli. Vikikaribiana unageuka kama mbayuwayu, na unapinduka hata ukikohoa. Vya Darcy viliachana vidole viwili. Wiki hii amevifanya kidole kimoja, na barafu ikishalainika anajifunga kigarini kuvijaribu.

Anaanguka. Anaanguka tena. Mara ya tisa bega la kushoto, ambalo bado lina chembe za lile bomu, linagonga ubao wa pembeni na uwanja mzima unaitika.

"Babu, utatubomolea kuta," inasema sauti kutoka mlangoni.

Ni Jolene Ferbey, miaka ishirini na miwili. Mashine ya kuvunia ngano ilimkata miguu, na Darcy ndiye aliyemfundisha mchezo huu. Nafasi hiyo moja, naye anaitaka.

"Umekuja kunipeleleza, mjukuu?"

"Nimekuja kuzoa mabaki. Rudisha vidole viwili, bwana. Bega hilo halina spea."

"Nikirudisha utanipita."

"Nitakupita tu."

Mara ya kumi na moja anakuja kwa kasi, anaegemea, barafu inaruka kama unga, na kigari kinageuka bila kulala. Jolene anagonga ubao mara moja kwa ngumi, jambo ambalo kwake ni pongezi kubwa.

Na akikosa nafasi? Darcy anajifuta jasho.

"Jumamosi saa tatu watanikuta barafuni. Kama hawanitaki, waniambie hapo hapo machoni, si kwa simu. Wakinichukua, nataka kombe la tatu, halafu hili bega nilipe likizo."

Ananyoosha mkono. "Nipe spana yako, Jolene. Bado kuna nusu kidole."

Jolene anaitafuta ndani ya mkoba wake, anampa.

"Ukimaliza uirudishe," anasema. "Na mimi navisogeza vyangu."