Mzee wa Baiskeli Nyuma ya Doreen

Anyitike hamwamini abiria yeyote mwenye mfuko mkubwa. Ana sababu. Mwaka jana alimbeba mtu kutoka Njisi, kule mpakani, na furushi lake, mtu akaruka akakimbia, furushi likakutwa na magendo, na pikipiki ikalala kituo cha polisi mvua zote za masika. Ikikamatwa tena, basi, bodaboda ndiyo imekwisha.

Sasa huyu dada aliyempakia Ipinda, Doreen, ana mfuko mkubwa kama godoro ila mwepesi kama hauna kitu. Anaenda Matema kununua vyungu vya mgahawa wake. Sawa. Ila kila baada ya kijiji, "Simama kidogo, kaka."

Kwanza alitaka kupiga picha ukuta wa kanisa uliochorwa samaki na mitumbwi. Anyitike akasimama. Mara akatokea mzee mmoja na baiskeli. Doreen kuona hivyo, akajifunika kitenge kichwani, akazama kwenye shamba la kokoa kama panya.

Mzee alipopita, dada akatoka na majani kwenye nywele.

"Yule ni nani?"

"Usimtaje. Endesha tu."

Usimtaje! Mtu mwema anaongea hivyo?

Wakampita mzee, Doreen kainamia mgongo wa Anyitike. Mbele akataka samaki wa kuchoma na ndizi. Akala taratibu, akimuuliza mama muuzaji samaki amepakwa nini. Anyitike hakula. Alikuwa anauangalia ule mfuko.

Baiskeli ikatokea tena. Safari hii mzee alikuwa anapunga mkono. "We kijana wa pikipiki! Simama hapo hapo!"

Doreen alikuwa tayari chini ya meza. "Twende, kaka! Twende!"

Anyitike akatia moto. Njia nzima akawa anajilaumu: kaibiwa mzee wa watu, na mimi ndiye ninayetorosha.

Matema, kwa akina mama wa Kikisi wauza vyungu, Doreen akaanza kugonga chungu kimoja kimoja, akisikiliza mlio. Anyitike hakufunga breki tena. Akaufungua mfuko mwenyewe. Majani makavu ya migomba, mpaka chini.

"Majani?"

"Ya kufungia vyungu. Ulitaka nifungie maji?"

Hakuridhika. Na mzee ndiye huyo anaingia, jasho linamtiririka. Doreen akachuchumaa nyuma ya mitungi, kitenge kichwani. Anyitike akamrukia, akakivuta kile kitenge.

"Mzee! Mwizi wako huyu hapa!"

Akina mama wakapiga kelele kama nyumba inaungua. Mzee akageuka haraka, akawapa mgongo, akalitazama Ziwa Nyasa, akakohoa.

"Wewe mtoto wa nani?" akafoka mama mmoja. "Unamvua mkamwana mbele ya baba mkwe wake!"

Anyitike akahisi masikio yanawaka. Bibi yake mwenyewe alikuwa hivyo hivyo: baba mkwe akipita, anaingia migombani, na jina lake hataji. Yeye alidhani wadada wa simu na mgahawa walishaacha.

Mzee akaongea na ziwa. "Mwambie huyo nyuma yangu, mama Lusungu, simu yake ilianguka mliponipita njiani. Nimewaita mpaka koo limekauka." Akaiweka chini kwenye mchanga, akasogea.

"Simu yako ilianguka," akasema Anyitike.

"Nimesikia. Mwambie baba, asante sana, ndaga fijo."

"Baba, anasema ndaga fijo."

"Mwambie aendeshwe na mtu mwenye akili."

Hilo hakulifikisha.

Hakukuwa na bodaboda nyingine, kwa hiyo Doreen akapanda hiyo hiyo, vyungu vimefungwa kwenye majani. Ila akatoa sharti: baba yuko mbele na baiskeli yake, hapitwi tena. Ndivyo pikipiki ilivyorudi Ipinda, gia ya kwanza, nyuma ya mzee anayepanda kilima akipumzika kila kona.

Kabla ya kuondoka, Anyitike alipenyeza mkono ndani ya chungu kikubwa. Kuhakikisha tu.