Jiko la Pumba na Foleni ya Haraka

Babu zangu walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi. Walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi pwani na kurudi, na nadhani walitembea mpaka wakamaliza na sehemu yangu, kwa sababu mimi kutoka kwetu Isevya kwenda sokoni tu naona ni safari ya kuagwa. Hata jiko langu nililivumbua kwa uvivu. Nilichoka kutumwa mkaa, nikaona heri nihangaike uani na pumba za mpunga na maganda ya karanga, vitu ambavyo kwenye mashine ya kukoboa unapewa bure na shukrani juu.

Baada ya majaribio yaliyounguza nyusi zangu mara kadhaa, jiko likakubali. Ni pipa ndani ya pipa, lenye matundu ya mshazari yanayozungusha hewa ikauchoma moshi kabla haujatoka. Mke wangu, anayepika chakula cha kuuza mbele ya nyumba, akaachana na mkaa. Mimi nikaona nimemaliza kazi yangu duniani.

Ila hali ya nyumbani ilikuwa mbaya. Wateja walipungua, tukafika mahali ambapo chakula cha kuuza tulikuwa tunakila wenyewe. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akanitafutia kazi ya ulinzi kwenye ghala huko Dar es Salaam, na malazi ya chumba kimoja na walinzi wenzangu. Alisema nafasi atanishikia mpaka mvua zianze. Nilikuwa nautazama mlango wa uani kama mtu anayemtazama ndugu mahututi.

Hapo ndipo akaja mfanyabiashara wa Kihindi mwenye karakana ya mabati mjini. Alikula wali kwa mke wangu, akaliinamia jiko, akasahau wali. Akasema atayatengeneza kwa wingi hapa hapa Tabora na mimi niwe msimamizi, lakini kwanza nipate hataza, ile haki ya mvumbuzi inayozuia wengine kutengeneza kitu chake bila ruhusa. Bila hataza, alisema, kila mwenye mashine ya kuchomelea ataliiga kabla rangi haijakauka.

Akatuunganisha na wakili wake. Yeye akatueleza kwamba hataza inaweza kuchukua miaka, ila kuna foleni ya haraka kwa teknolojia rafiki kwa mazingira. Ukionyesha kwamba uvumbuzi wako unaokoa miti, maombi yako yanasogezwa mbele. Nilimwambia anisogeze mbele hata kama ni kwa kunisukuma. Kuanzia siku hiyo nikawa naangalia mawingu kuliko mkulima wa tumbaku, isipokuwa mimi nayaomba yachelewe.

Jibu likayashinda mawingu. Wakili alipopiga simu nikaweka spika ili mke wangu asikie. Mkaguzi wa hataza alikuwa ametafuta mtandaoni, akakuta video yangu.

Video ilikuwa ya msibani. Kabla hata hatujamjua huyo mfanyabiashara, jirani wa ng'ambo ya barabara alifiwa na mama yake, na kwetu panapotokea msiba vyombo vya mtaa mzima huhamia kwa wafiwa: masufuria, majamvi, madumu ya maji. Jiko nalo likaenda. Likaivisha wali wa waombolezaji bila moshi, kina mama wakalizunguka, wakaniita niwaeleze. Mgeni mmoja aliyetoka Usinge akachukua simu yake, akanirekodi nikilifungua na kuonyesha tundu baada ya tundu, kwa sauti ya mtu aliyesahau kuwa kuna marehemu, kisha akaiweka mtandaoni. Mimi nisiyetoka nyumbani, nimeonekana na watu nisioweza kuwahesabu.

Wakili akauliza kama waliokuwepo walikubaliana kutunza siri.

"Msibani?" nikasema.

"Ndiyo. Ingekuwa ni faragha, tungejitetea."

Mke wangu akainama kwenye simu. "Wakili, ulitaka tuwaambieje wafiwa? Wapike kwa kujificha?"

Wakili akatueleza kwa upole. Kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kisheria si kipya tena. Foleni ya haraka inaharakisha jibu tu, jibu lenyewe haiwezi kulibadilisha. Nikamuuliza kama ninaweza kurudi kwenye foleni ya kawaida, ile ya miaka, nikae humo nikingoja. Akacheka, akidhani natania. Nilikuwa sitanii. Nilitaka hiyo miaka, nikiwa kwangu.

Mfanyabiashara alikuja mwenyewe kunipa pole, akaniaga vizuri, na hakurudi.

Mvua ya kwanza iliponyesha nikampigia shemeji. Nikamsalimia, nikaulizia watoto, nikaulizia joto la Dar, mambo ambayo maishani sijawahi kumuuliza. Akaniacha nizunguke mpaka nikaishiwa.

"Shemeji," nikasema, "hicho chumba, mtu anaweza kuja na mke wake?"

"Hapana, shemeji. Ni vitanda vya juu na chini. Likizo mara moja kwa mwaka."

Mke wangu akaichukua simu, akamwambia kaka yake kwamba nitapanda treni wiki ijayo, akaikata. Kisha akaniambia nivue shati alifue, maana kwa mvua hii lingechelewa kukauka.