Doto Aliyebaki Ubaoni

Pale Bungu yupo Doto, mchapaji wa picha. Huchonga ubao kwa patasi, akaupaka wino, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko.

Pacha wake, Kulwa, alikufa maji mtumbwi ulipopinduka akienda kwenye mpunga, na simu yenye picha zake zote ikazama naye. Mama yao, Bi Rukaiya, akagoma kula.

"Nionyesheni uso wake tu," alisema. Naye alikuwa anaisha kweli, kabaki mifupa.

Rahisi, si pacha wanafanana? Thubutu! Doto ana kidoa cheusi shavu la kulia. Kulwa alikuwa nacho la kushoto. Doto akaketi mbele ya kioo, akauchonga uso wake, akachapa. Mama akatazama.

"Huyu wewe."

Akachonga tena na tena, kila uso una majonzi kuliko uliotangulia; hata alipokihamisha kidoa, kilionekana cha kubandikwa.

"Huyu wewe, mwanangu. Niondolee."

Kuta zikajaa Doto watupu.

Siku moja kioo kilimchosha, akaiga picha yake ya ukutani. Akasahau, mchapaji mzima, kwamba ubao hugeuza: cha kulia huja kushoto. Akabandua karatasi. Kidoa kiko kushoto. Kulwa anamtazama, na lo, yale majonzi hayamo! Anaonekana kama aliyetoka kulala usingizi mzuri.

"Kulwa!" mama alipiga ukelele, akaikumbatia karatasi. Mchana ule alikula wali, akaongeza. Doto akalia kwa furaha.

Kisha mama akauona ubao.

"Na huyu ni nani?"

"Ndio uso niliouchonga, mama. Ubaoni kidoa kiko kulia."

"Kumbe," mama alisema polepole. "Doto ndiye yuko chini."

Doto alicheka, ila haraka akaenda kunawa wino.

Ijumaa asubuhi alimkuta mama uani. Ubao umelazwa juu ya shuka jeupe, mama anaukosha kwa maji ya karafuu maiti, taratibu, hata nyuma ya masikio.

"Mama, unafanya nini?"

"Kule kuzimu hawaachii mtu bure, lazima abaki mmoja." Mama aliinua uso, mashavu yalikuwa yameanza kujaa. "Nisogezee ndoo, Kulwa. Tumsitiri mwenzio."

Doto alifungua kinywa aseme yeye ni nani. Akayatazama yale mashavu.

"Abee, mama," akasema, akasogeza ndoo.