Mara Mia Kabla ya Kila Neno

Mwalimu Nuria alikuwa na siku tisa hajaingia darasani. Mtu alimrekodi akiteleza topeni kwenye harusi hapa Newala, na video ikafika hadi Masasi. Kutwa alisoma maoni ya watu kwenye simu, akiyarudia, mpaka kifua kikambana.

Dada yake akampeleka Chilangala kwa Bi Sakina, halifa, yaani kiongozi, wa wanawake wa tarika, kundi la Waislamu wa dhikri. Walimkuta anabangua korosho; mkasa wote alishaelezwa na dada.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Simu unayo?"

Nuria alidhani atanyang'anywa.

"Yasome tu hayo maneno," Bi Sakina alisema. "Ila kabla ya kila moja, vuta pumzi umwite Mola, Ya Latifu, Ewe Mpole, mara mia."

"Mama, yako mia nne."

"Basi utakaa. Mihogo ipo."

Nuria akaketi mkekani na tasbihi. Mia ya kwanza aliikimbiza, akasoma: "Mwalimu kageuka kambale." Machozi yakamlengalenga. Mia ya pili ilikwenda polepole. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukapita kati ya mikorosho bila kubisha hodi. Kufikia mia ya tatu pumzi zake zilikuwa ndefu, na kila Ya Latifu ilitua kifuani kama kiganja cha mama. Akasoma, akacheka.

"Wanasemaje?" Bi Sakina aliuliza.

"Huyu anauliza gauni nilishonesha wapi."

"Haya, endelea na la nne."

Nuria akaizima simu. "La nne litanichelewesha, Mama. Kesho nina kipindi cha kwanza, na sijaandaa somo."