Pointi Kumi za Kikundi cha Kwanza

Jumatatu ile meneja aliponiambia niyaache matokeo ya ngoma kama yalivyosomwa, nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nilikunja karatasi, nikaitia kwenye droo, nikaenda kunywa chai. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu halijawahi kuwa zuri: niliogopa kuitwa mjinga.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga. Tulikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha maua alichoshona mke wa meneja, na ni mimi peke yangu niliyepelekwa Mwanza wiki mbili kujifunza kuitumia. Nilirudi natembea kama daktari. Nilichokipenda kuliko vyote ni majedwali. Katika programu ile ile ya kuandikia barua ungeweza kuchora jedwali, kisha ukaiamuru mashine ijumlishe yenyewe. Ila visanduku vyake havikuandikwa anwani popote. Ilibidi uhesabu mwenyewe. Safu ya kwanza kushoto ni A, inayofuata B. Mstari wa juu kabisa ni 1, wa chini yake 2. Kwa hiyo kisanduku cha safu ya pili, mstari wa tatu, ni B3. Nilikuwa nahesabu kwa kugusa kioo na ncha ya penseli, midomo inatembea, na wapakiaji wa marobota wakaja dirishani kunitazama.

"Mwacheni, anasali," mmoja akawaambia wenzake. Wakacheka mpaka nami nikacheka.

Mwaka huo kiwanda kiliandaa mashindano ya ngoma baada ya msimu wa pamba, zawadi ng'ombe dume. Kwetu Usukumani ngoma haikuwa na alama. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kimoja huku, kingine kule, na watu wanahama wakifuata utamu. Kinachobaki na watu wengi ndicho kilichoshinda. Meneja hakuwa mtu wa huku, alitaka mambo ya kisasa: majaji wanne, kila mmoja ana alama ishirini za kutoa. Jedwali likawa kazi yangu. Mstari wa kwanza niliandika Kikundi, kisha namba za majaji, 1, 2, 3, 4, na mwishoni Jumla. Kikundi cha kwanza kilikaa mstari wa pili, kwa hiyo kwenye kisanduku chake cha jumla nikaandika =SUM(B2:E2). Kilichofuata =SUM(B3:E3), na kuendelea mpaka cha sita. Nikajaribu kwa alama za kubuni, zikatoka sawasawa.

Hicho kikundi cha kwanza kilikuwa cha shemeji yangu, kaka wa mke wangu, manju aliyetunga na kuongoza nyimbo upande wote wa Tinde. Asubuhi ya mashindano alipita ofisini na njuga miguuni, akaitazama kompyuta.

"Shemeji, usije ukaniibia na hiyo redio yako."

Sijaona tena siku kama ile. Vijana wake walirusha majembe juu, yakazunguka hewani, wakayadaka bila kukosa mdundo. Shemeji alitunga papo hapo wimbo wa karani anayesali mbele ya kioo. Sijui nani alimpa habari. Mama mmoja alicheza mpaka akapoteza kiatu, akaendelea na kimoja. Uwanja mzima ulihamia upande wao.

Majaji waliponipa alama zao nilivuka uwanja mbio, nikaziingiza. Meneja akaja nyuma yangu, akasema karatasi ya kumpa mgeni rasmi haiwezi kukosa kichwa. Nikaongeza mstari mmoja ndani ya jedwali, juu kabisa, nikaandika jina la mashindano, nikaiamuru mashine ijumlishe. Meneja aliichana karatasi printa ikiwa bado inanguruma.

Zilisomwa nafasi tatu tu. Kikundi cha shemeji hakikuwemo. Ng'ombe alikwenda kwa kikundi cha pili kwenye orodha. Shemeji ndiye aliyetangulia kuwapa washindi mkono, akacheza nao. Nilipomfuata kumpa pole, alinishika bega.

"Mashine haina shemeji," alisema. Aliiamini.

Jumatatu nikaitazama karatasi vizuri. Kikundi cha kwanza: kumi. Nilipoongeza ule mstari, kila kikundi kilishuka hatua moja, lakini fomula zangu zilibaki na anwani za zamani. Mashine ilikuwa imemjumlishia shemeji namba za majaji, moja na mbili na tatu na nne. Alama zake zote zilikwenda kwa kikundi kilichomfuata.

Meneja alisema ng'ombe ameshaliwa, na tukisema ukweli watatucheka hadi Mwadui. Nikakubali.

Msimu uliofuata vijana wa shemeji walianza kumwambia kwamba ngoma yao imepitwa na wakati, hata mashine imeona. Wakatawanyika. Yeye akaenda Geita kuchimba dhahabu.

Miaka mitatu baadaye nilimfuata kwenye mashimo, nikamweleza yote. Alicheka sana. Aliwaita wenzake waje wamwone mtu aliyepewa pointi kumi za namba za majaji, yaani yeye mwenyewe, akaniagizia soda. Kisha akauliza, bado anatabasamu:

"Kosa uliligundua lini, shemeji?"

"Jumatatu yake."

"Jumatatu ile ile?"

"Ile ile."

Hakunitukana. Alinisindikiza hadi kwenye gari, akanilipia nauli, na hajakanyaga nyumbani kwangu tena. Binti yetu alipoolewa, mjomba wake hakuja. Ndipo mke wangu aliponiuliza sababu, akaujua ukweli, na tangu hapo huenda kwao peke yake. Kosa la fomula alinisamehe pale pale, kwenye soda. Kunyamaza kwangu ndiko kulikonipotezea shemeji, na sikuwa na rafiki mwingine kama yeye.