Sayari Iliyoingia Katika Posa Yangu

Mwaka mmoja huko unaisha kwa siku nne na saa chache. Ukizaliwa Jumatatu, Ijumaa umetimiza mwaka. Sayari yenyewe ni kubwa, uzito wake unakaribia nusu ya ule wa sayari kubwa kuliko zote tulizo nazo huku kwetu, na imelikaribia jua lake mno. Watu wawili wa Uswisi walioitangaza mwaka 1995 hawakuiona. Waliona jua lake likiyumba kidogo, wakajua kuna kitu kinalivuta. Sayari hiyo ambayo hakuna aliyeiona ilikaribia kuvunja posa yangu.

Nitaeleza kwa mpangilio. Niliyoyasikia mwenyewe nitayaweka kama nilivyoyasikia, na niliyoambiwa na shangazi nitasema ni ya shangazi. Siku ile watu walizungumza Kikipsigis. Mimi naandika kwa Kiswahili.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naishi nyumbani kwa wazazi, juu kidogo ya Sosiot. Yeye, kijana aliyekuja kuniposa, alifundisha fizikia na hesabu katika sekondari moja upande wa Litein. Kwao ni Bomet, kule chini ambako majani chai yanaanza kuisha na mahindi na ng'ombe wanachukua nafasi. Kila Jumamosi tulikutana Litein kwenye hoteli moja yenye meza za mbao zilizofunikwa nailoni ya maua. Chai ilikuja kwenye glasi, imejaa hadi mdomoni, na ilikuwa lazima uiname uinywe kwanza kabla ya kuinua.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi alifika na gazeti la ofisi ya walimu amelikunja ndani ya koti.

"Wamepata nyingine," akasema.

"Nyingine nini?"

"Sayari. Si hapa kwetu. Kwa jua lingine."

"Na hiyo ndiyo imefanya usinisalimie?"

"Chamgei," akanisalimia, akaendelea hapo hapo.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, imebanwa chini ya tangazo la mbolea. Nilimwambia sielewi mtu anawezaje kupata kitu ambacho hajakiona. Akafikiri kidogo. Kisha akaniambia nikumbuke asubuhi mama akikamua, na mtu mwingine amesimama kando ameshika kamba ya ndama asije akanyonya. Ukipita njiani, nje ya ua wa kayaba, ndama humwoni. Unaona tu kichwa cha yule mtu juu ya ua, kinavutwa mbele, kinarudi nyuma, kinavutwa tena. Huhitaji kuingia ndani ili ujue kuna ndama.

"Na ukikaa hapo njiani ukahesabu anavutwa mara ngapi," akasema, "unaweza kujua hata ndama ni mkubwa kiasi gani."

Nilielewa. Huenda ndiyo siku niliyoamua kuolewa naye, ingawa sikumwambia.

Jioni zile za mwisho wa mwaka bado ninazo. Mvua ilishuka alasiri, wakati mwingine na mawe yaliyochana majani chai hadi yakaonekana kama yametafunwa na mbuzi, halafu anga likafunguka ghafla. Harufu ya kiwanda ilipanda bondeni, ile harufu tamu ya majani yaliyokauka, na mashamba yote yakawa yamesawazishwa kama meza, kijani hadi kwenye msitu. Aliponisindikiza hadi njia panda ya kwetu, giza likianza kuingia, alinionyesha upande ambako nyota hiyo, jua la ile sayari, ilikuwa. Yenyewe ni hafifu, alisema, jicho la kawaida linaweza kuikosa. Alionyesha tu kipande cha anga. Nilitazama pale alipoelekeza kidole na sikuona chochote cha maana, nikasema ni pazuri.

Baba yangu mkubwa, kaka yake baba, aliisikia habari ile ile kwa njia nyingine. Kila jioni alikaa kwenye kibanda cha kupokelea majani chai, gunia lake limeshapimwa, akingoja lori pamoja na wakulima wengine. Karani alikuwa na redio. Wakasikia kwamba kumepatikana dunia nyingine mbali sana, na mabishano yakaanza. Jirani mmoja alishikilia kuwa huko kuna watu. Baba Mkubwa alishikilia kuwa redio imeishiwa na habari. Walibishana wiki nzima, na nadhani alishindwa, kwa sababu alianza kwenda nyumbani mapema.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa watu wa Bomet walipokuja kwetu mwezi wa kumi na mbili, shule zimefungwa, kwa ile hatua ya posa tunayoiita koito.

Kuna mambo mawili ambayo ni lazima yajulikane. La kwanza, siku hiyo kijana anayeposa haongei. Ana msemaji wake, mara nyingi mjomba, naye mwenyewe hukaa akitazama sakafu. La pili linahusu ng'ombe. Kwetu mtu mwenye akili ya ng'ombe hawaweki wote nyumbani. Huwagawa kwa marafiki, wawili huku, mmoja kule, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimalize wote, na rafiki asiye na maziwa apate ya watoto. Mwenye boma anakamua, lakini ng'ombe na ndama wake wanabaki kuwa wa mwenyewe. Kwa hiyo ng'ombe unaowaona kwa mtu huenda si wake, na walio wake huenda usiwaone kamwe. Upande wetu wa majani chai desturi hiyo ilikuwa inaisha. Watu walikuwa na ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu, mmoja au wawili, wamefungiwa, wanakatiwa nyasi. Upande wa Bomet ilikuwa bado hai.

Wageni walikuwa watatu: yeye, baba yake, na mjomba wake aliyekuwa msemaji. Walikaa sebuleni na baba na Baba Mkubwa. Mimi nilikuwa jikoni na mama na shangazi. Kati yetu na wao kulikuwa na ukuta wa mbao, na mbao zile zilikuwa na nafasi.

Waliomba Mungu, wakanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, wakaulizana ukoo na kuridhika kwamba hatuna undugu. Chai ikapelekwa. Kisha nikasikia kikombe cha Baba Mkubwa kikiwekwa mezani.

"Wewe ni mwalimu wa sayansi," alisema. "Hii dunia nyingine ya redio, ni kweli ama ni porojo?"

Msemaji akakohoa. "Mzee, kijana wetu hajapewa ruhusa ya kuongea."

"Mimi ndiye nimempa."

Shangazi alinishika mkono. "Asijibu," akanong'ona. "Mungu wangu, asijibu huyu."

"Ni kweli, mzee," sauti ya mchumba wangu ikasema.

Angeishia hapo hakungekuwa na shida. Lakini mimi nilimjua. Nilisikia kiti kikisogea, nikajua amekaa mbele ya kiti kama afanyavyo, mikono imeanza kufanya kazi. Akamweleza Baba Mkubwa habari yote: kamba, ndama, ua wa kayaba, kichwa kinachovutwa. Baba aliuliza kama kuna watu huko. Akajibu kwamba ni moto kama sufuria juu ya jiko.

"Umeiona wewe?" Baba Mkubwa akauliza.

"Hapana, mzee. Hakuna aliyeiona."

"Hata hao wazungu?"

"Hata wao."

"Lakini mnaapa iko."

"Iko, mzee. Kitu hakiyumbi bure."

"Sawa," Baba Mkubwa akasema. "Kongoi."

"Hiyo kongoi yake mimi naijua," shangazi akasema jikoni. "Hiyo si ya shukrani."

Wakaingia kwenye mambo ya ng'ombe. Msemaji alizungumza vizuri, kwa adabu, bila haraka. Alisema wanaweza kuleta wanaotakiwa. Wachache walikuwa nyumbani. Wengine walikuwa kwa marafiki, Chepalungu, na wengine ng'ambo ya Sotik.

"Kwa marafiki," Baba Mkubwa akarudia.

"Ndiyo, mzee. Kama desturi."

"Na sisi hatutawaona."

"Wapo, mzee."

"Wapo! Kumbe na ng'ombe zenu pia ni za ile habari ya redio. Sisi tukae tu njiani tukitazama ua ukitikisika." Akacheka, na baba akashindwa kujizuia, akacheka kidogo. "Mwalimu, hebu tuambie, hizi ng'ombe zinavuta nini huko ziliko, ndiyo sisi tujue ziko?"

Hakuna aliyecheka upande wao. Nikasikia kiti kikirudishwa nyuma, na sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu asubuhi, ya baba yake.

"Tumekuja kuomba mke. Hatukuja kuchekwa. Simameni twende."

Mama alikuwa ameshika mwiko juu ya sufuria na hakuushusha. Watu wakiondoka katikati ya koito, kurudi ni vigumu. Huanza maneno ya wapatanishi, miezi inapita, na msichana anaanza kuulizwa kanisani kama bado yuko nyumbani. Nilifikiria kutoka kwa mlango wa nyuma nimkute mchumba wangu njiani. Nilifikiria pia kumpiga.

Kisha akaongea mara ya pili, bila ruhusa ya mtu.

"Mzee, njoo uone."

"Nione nini, na umesema hazionekani?"

"Sayari ndiyo haionekani. Ng'ombe wanaonekana. Ila si kwa siku moja, na si mahali pamoja."

Baba akasema, "Kaeni. Chai haijaisha." Nilisikia viti vikikaliwa tena, kimoja baada ya kingine, cha mwisho kikichelewa.

Ndipo nikaitwa. Hiyo nayo ni desturi: msichana huulizwa mbele ya watu wote. Nilisimama karibu na mlango na leso yangu mpya, macho chini.

"Unawajua hawa watu?" baba akauliza.

"Nawajua."

"Na huyu?"

"Namjua."

"Na ng'ombe zake?" Baba Mkubwa akaingilia.

Nilimtazama Baba Mkubwa. Alikuwa na uso mkavu kabisa.

"Sijawahi kuziona," nikasema.

Niliporudi jikoni shangazi alinifinya mkono hadi nikaruka. "Ungesema umeziona! Ungekufa ukisema umeziona?"

Iliamuliwa kwamba Baba Mkubwa aende Bomet akajionee, na neno la mwisho litoke akirudi. Wageni waliondoka bila kula nyama yote, jambo ambalo mama alilitaja kwa wiki nyingi. Mchumba wangu alipita karibu nami uani, akatikisa kichwa tu kama mtu anayejilaumu. Nilikasirika naye kwa siku mbili. Baadaye nikakuta namkasirikia kidogo, na zaidi namkumbuka akikaa mbele ya kiti, akimweleza mzee mkali habari ya ndama kana kwamba hakuna kingine kilichokuwa kikiamuliwa katika nyumba ile.

Baba Mkubwa alikwenda mwezi wa kwanza, peke yake, koti lake la mvua begani. Nilikuwa nimerudi darasani. Nilifundisha watoto majina ya sayari tisa, kama vitabu vilivyotaka wakati ule, na moyo wangu ulikuwa Bomet kwenye zizi la watu. Alilala huko usiku mmoja. Jioni iliyofuata alikuja moja kwa moja kwetu, akaketi, akaomba maji.

"Umeona?" baba akauliza.

"Nimeona."

"Umeona nini?" Huyo alikuwa shangazi, kutoka mlangoni.

"Nimeona ya kutosha. Wapangieni siku."

Akanywa maji yake, akaenda kwake. Tulifunga ndoa likizo ya mwezi wa nne, mvua ya masika ikipiga mabati ya kanisa hadi mchungaji akalazimika kupaza sauti, na Baba Mkubwa akacheza kuliko vijana. Siku hizi sayari za majua mengine zinazojulikana ni maelfu, na mume wangu, ambaye amestaafu, bado huniletea habari ya kila moja kabla ya kunisalimia.

Ninachoandikia haya yote ni jambo lililotokea baada ya harusi. Sikuwa nimemaliza miezi mitatu kwa wakwe zangu watu walipoanza kuja zizini na kamba. Mmoja alikuja kutoka upande wa Sotik, akanywa chai, akachukua ng'ombe wawili. Mwingine akachukua mmoja mwekundu. Kufikia mwisho wa mwaka zizi lilikuwa limebaki na nafasi kubwa. Niliuliza. Mume wangu alisema wale walikuwa ng'ombe wa marafiki, waliowekwa kwao zamani, na wenyewe wamewahitaji. Ng'ombe wetu, alisema, wako kwa watu. Na kweli ng'ombe wa mahari walifika kwa baba kidogo kidogo, kila mara kutoka njia tofauti, hadi hesabu ikakamilika.

Shangazi ana maelezo yake. Anasema wale wa zizini waliazimwa kwa ajili ya macho ya Baba Mkubwa, na kwamba kila mtu Bomet alijua.

Baba Mkubwa angeweza kuumaliza ubishi huo. Alikuwa mtu wa mnada wa ng'ombe tangu ujana. Kule mnadani Kapsoit alitazama mkato wa sikio tu akakuambia ng'ombe ametoka boma gani. Haiwezekani alisimama katika lile zizi la Bomet asione kwamba masikio hayafanani. Lakini kwa desturi yetu masikio yasiyofanana hayathibitishi kitu. Ng'ombe wa rafiki wa miaka kumi na ng'ombe wa kuazima wa jana wana sikio lile lile la mtu mwingine. Nilikusudia kumuuliza, nikaahirisha kwa heshima, na alifariki kabla sijauliza. Nimemuuliza baba; anasema kaka yake hakumwambia zaidi ya yale niliyoyasikia mwenyewe. Mume wangu na shangazi bado wanabishana kila Krismasi, na kile Baba Mkubwa alichokiona katika zizi lile, au alichoamua kutokukiona, hakijajulikana.