Jina la Mama, Mara Mbili

Nikinusa simenti mbichi popote, hata hapa mjini Maua wanapojenga maduka mapya kila kukicha, narudi Muthara, msimu ule wa mvua nilipokuwa darasa la sita na mama hajamaliza hata miezi mitatu kaburini. Udongo mwekundu ulinata miguuni mpaka mlangoni mwa darasa. Mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni neno "engrave", akataka sentensi. Nilijua "grave" ni kaburi, kwa hiyo nikasimama na kusema, kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, kwamba tulim-engrave mama mwezi wa nane. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alinieleza polepole kwamba maana yake ni kuchonga maneno kwenye kitu kigumu, jiwe au chuma, yasifutike. "Mtu huzikwa," akasema. "Kinachochongwa ni jina lake."

Jina la mama halikuwa popote. Mjomba Mutuma, kaka yake, alikuwa amekataa katakata liandikwe. Alidai mwanamke aliyeachana na mumewe akarudi kwao hana jina la kuwekwa kwenye shamba la baba yake, simenti tupu inamtosha. Yaani tupu, kama sakafu ya zizi! Iliniuma, na bado inaniuma. Jioni hiyo nilichukua msumari na jiwe, nikagonga kwenye simenti ya kaburi mpaka vidole vikachubuka: NKATHA. Herufi zilikwenda upogo, lakini zilisomeka.

Mjomba alipoziona alinifokea, kesho yake akaleta fundi apake simenti juu. Nyanya alinisihi ninyamaze, tuishi kwa amani. Nilinyamaza, ndiyo. Fundi alipokwenda kunawa mikono, niliinama nikaandika tena kwa kidole, na safari hii simenti ilikuwa laini, jina likazama. Mjomba alinikuta papo hapo. Sikukimbia.

"Paka tena, mjomba," nikamwambia. "Nami nitaandika tena."

Alinitazama, akamtazama fundi, akaenda zake.

Sasa mjomba naye amezikwa shamba lilo hilo. Watoto wake walimwekea msalaba wa mbao wenye jina la rangi nyeupe, wakasambaza picha kwenye simu, pole zikamiminika. Mvua imeshaiosha ile rangi. Wanangu, wenye Kiingereza kizuri kuliko changu, hunicheka nikiwasimulia ile sentensi. Wacheke tu. Mama nilim-engrave, na mwenye ubishi aende Muthara akasome.